Mwaka Namba Zangu Ziliposhuka

Furaha aliponipigia simu kuniambia kwamba Hajati Zamzam amefariki, nilikuwa kazini, na mbele yangu kulikuwa na rundo la vyeti vya watoto wa watu. Kazi yangu hapa Nairobi ni kulinganisha vyeti. Kijana aliyesoma Uganda, Kongo au Sudan Kusini akitaka kuingia chuo cha Kenya, faili lake hupita mezani kwangu, nami huandika kwamba alama zake za kule ni sawa na alama hizi za huku. Zamani mafaili mengi yalikuwa ya Wakenya wenzangu waliosomea Kampala. Siku hizi yamepungua, maana vyuo vimefunguliwa hadi katika miji ambayo tulipokuwa wadogo haikuwa na maktaba hata ya kusingizia. Ungedhani basi vijana wangetulia makwao. Wapi! Chuo kikijengwa hapa, wa hapa anakwenda pale na wa pale anakuja hapa. Nikiwauliza, kila mmoja ana sababu yake, na nusu ya sababu hizo huwa si za kweli. Sijawahi kuwalaumu kwa hilo. Mimi mwenyewe nilikwenda mbali, nikabaki mbali, na sababu niliyoitoa ilikuwa ya kweli lakini ilichelewa. Maziko sikuyawahi, lakini siku zilipokaribia nikaomba ruhusa ya siku nne, nikapanda basi kwenda Kampala kuhudhuria arobaini ya Hajati.

Nyumba yake iko palepale kwenye kilima cha Kibuli, chini kidogo ya msikiti, na geti ni lilelile la bati ambalo lazima ulinyanyue kabla ya kulisukuma. Mkono wangu ulilinyanyua kabla sijakumbuka. Vyumba sita vilivyozunguka ua, ambavyo mwaka wetu vilijaa Wakenya na Watanzania hadi mmoja akilala kwenye varanda, sasa vina marobota ya vitenge vya Furaha. Huyu Furaha ndiye niliyelala naye chumba kimoja mwaka ule, msichana wa Bukavu aliyekimbia vita pamoja na shangazi yake. Leo ana duka mjini, na ndiye aliyemtunza Hajati mpaka pumzi ya mwisho kana kwamba alizaliwa humo. Tulikumbatiana katikati ya wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu. Akaniangalia juu hadi chini, akasema, "Wakesho, umenona." Nikamwambia na yeye amezeeka, tukacheka, halafu tukalia. Kisha nikamwomba anifungulie chumba cha kando ya jiko, ambamo nilikaa miezi mingi peke yangu, nami nikaketi juu ya robota nikitazama ukuta. Msumari niliotundikia begi langu bado upo.

Lazima nieleze tulifuata nini. Wakati ule Kenya vyuo vilikuwa vichache na waliofaulu walikuwa wengi, na ukikosa nafasi kwa alama moja, basi, ulirudi nyumbani kuhesabu treni. Uganda walikuwa na nafasi na ada zao zilikuwa nafuu. Ila kulikuwa na kizingiti kimoja: wao husoma kidato cha tano na cha sita, sisi tulikuwa tukiishia cha nne. Kwa hiyo Mkenya alitakiwa kwanza asome mwaka mmoja wa kujazia pengo, afanye mtihani, na akipita ndipo aingie chuo kikuu. Akianguka, amepoteza mwaka na jasho la wazazi. Shule yetu ilikuwa Old Kampala, ghorofani juu ya duka la zamani la Mhindi, na ngazi zake za mbao zililia kila ulipokanyaga, hata mwalimu alijua nani amechelewa bila kugeuka. Nilifika Januari na sanduku la bati, mtoto wa karani wa stesheni ya Voi, sijawahi kuvuka mpaka wowote. Hajati alinipokea getini akiwa na kawa aliyokuwa akiisuka, kile kifuniko cha chakula ambacho Wanubi hukisuka kwa ukili wa rangi zote za duniani. Akaongea nami Kiswahili chake alichorithi kwa babu askari.

"Wewe toto ya Kenya? Karibu. Hapa kwangu iko sheria mbili tu. Mwanaume hapana ingia, na chakula hapana baki."

Sheria ya pili ndiyo iliyokuwa ngumu. Asubuhi tulikula gurusa, chapati zao nyembamba kama kitambaa, na mchuzi wa bamia. Mchana ndizi zilizofukizwa kwenye majani yake, na juu yake mchuzi wa karanga wa rangi ya waridi ambao siku ya kwanza nilidhani ni uji wa mtoto. Nilikula vyote kwa udadisi kuliko njaa. Na udadisi huo ndio ulioniponza. Voi nilikuwa namjua kila mtu na mbwa wake. Kampala sikujua hata kwa nini wasichana wa Kiganda walipiga magoti kusalimu, wakapiga magoti hata sokoni, nyanya mkononi. Nilitaka kujua. Baada ya saa sita mchana, badala ya kupanda zile ngazi, nilikuwa nashuka. Nilitembea hadi Kasubi kuangalia wanawake wakitandaza magome ya mti yaliyopondwa kuwa nguo. Nilisimama kando ya mafundi cherehani nikisikiliza Kiganda hadi kikaanza kunisemesha. Kila alasiri nilirudi Kibuli na habari mpya, nikamsimulia Furaha, naye akaniuliza lini nitasoma. Nikamwambia kesho, na Mtaita kama mimi akisema kesho, usisubiri.

Ripoti ya muhula wa kwanza ilibandikwa ubaoni mwezi wa Aprili. Uchumi nane, Jiografia saba, Historia nane, Hisabati tisa. Hapa ndipo penye jambo la kuelewa. Kule Uganda alama huhesabiwa kutoka moja hadi tisa, na moja ndiyo kilele. Tisa ni kuanguka chini, puu. Kwetu Kenya pointi hupanda hadi kumi na mbili, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo ng'ombe anavyochinjwa. Shule yetu haikuandika herufi wala nafasi darasani, iliandika namba tupu, na chini yake mwalimu mkuu aliwaandikia wote neno moja, "Aongeze bidii," hata aliyeongoza. Nakala walizituma kwa wazazi kwa basi, ndani ya bahasha ya kaki. Nilikaa siku kumi bila kulala vizuri, nikingoja hasira ya baba.

Barua yake ilikuja na kifurushi. Niliisoma nimesimama hapohapo ofisi ya mabasi, na mpaka leo naijua kwa moyo. "Mwanangu Wakesho, salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, ripoti imefika. Nane, saba, nane, na tisa ya Hisabati! Hesabu zilezile zilizokuwa zikikutoa machozi. Jumapili nimesimama kanisani nikatoa shukrani mbele ya watu wote. Nakutumia soksi, maana nasikia huko mvua haina saa." Nilicheka peke yangu kama mwehu, halafu kicheko kikageuka. Nilipofika nyumbani nikampa Furaha asome.

"Umuambie baba kweli," akasema.

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Kesho."

Nilimwandikia kwamba soksi zimenitosha.

Sasa ninapokumbuka, najua kwamba ule ndio ulikuwa uongo wangu wa kwanza wa utu uzima, na niliusema bila kufungua mdomo. Nilijifariji kwamba sikumdanganya, amejidanganya mwenyewe. Lakini wiki chache baadaye jambo lilitokea pale Kibuli ambalo sikulielewa. Nilirudi mapema nikakuta Furaha ameketi kwenye kigoda jikoni akimsomea Hajati barua, kwa sauti ya chini. Hajati hakujua kusoma ila Kurani, kwa hiyo Furaha ndiye alikuwa macho yake. Nilisikia maneno mawili tu, "usimwambie mtoto," kisha kuni zikalia na Furaha akaniona. Karatasi ikaingia chini ya kanga.

"Mambo ya nyumba," Hajati akasema, akakoroga sufuria ambayo haikuwa na kitu cha kukoroga.

Nilidhani anataka kupandisha kodi. Jumamosi iliyofuata alinihamisha. Akasema chumba chetu kina kunguni, ajabu ni kwamba kunguni hao walikuwa kwenye kitanda changu tu, maana Furaha alibaki. Nikapewa chumba cha kando ya jiko, chenye meza. Na kila alasiri, nikishamaliza kula, Hajati alileta kigoda chake na ukili wake akakaa mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, njia yote ameiziba.

"Soma na sauti. Mimi napenda sikia."

"Hajati, ni Kiingereza."

"Mvua inaongea Kiingereza? Na mimi nasikiliza mvua. Soma."

Nikasoma. Nilimsomea mito ya Afrika, mahitaji na ugavi, vita vya watu waliokufa zamani. Nikisimama, mikono yake ilisimama. Nikiendelea, ukili nao uliendelea. Siku nyingine aliniuliza, "Hiyo umesema nini?" nami ikabidi nimweleze kwa Kiswahili chepesi kwa nini bei hupanda bidhaa ikiadimika, naye akacheka akasema hilo kila mwanamke sokoni analijua, mbona limechukua kurasa tano. Sijapata mwalimu kama yule. Kitu nisichoweza kumweleza Hajati nilikuwa sijakielewa, na kwa kuwa nilimwonea haya, nilikirudia hadi nikakielewa. Nilianza kupanda zile ngazi za Old Kampala kabla ya wenzangu. Na udadisi wangu haukufa, ulihamia kwenye vitabu, nikashangaa kukuta na humo mna mitaa ya kupotelea.

Muhula wa pili nilipata tano, nne, tano, sita. Nilirukaruka uani. Kisha nikakumbuka Voi. Baba akaandika: "Naona zimeshuka kidogo. Usivunjike moyo, hata gari la moshi hupunguza mwendo kwenye kona." Mtihani wa majaribio mwezi wa Oktoba nikapata mbili, tatu, mbili, na Hisabati nne. Mwalimu alinipa mkono mbele ya darasa. Na kwa kila alama niliyopanda Kampala, nilikuwa nashuka nyumbani kwetu. Ungenicheka, na Furaha alinicheka kweli, mpaka barua ya Novemba ilipofika na kicheko kikatuishia sote.

"Mwanangu, mbili, tatu, mbili na nne. Sikulaumu, ugeni ni mzigo. Sasa sikiliza habari njema. Hapa Voi wanafungua tawi la chuo kikuu, katika majengo ya zamani yasiyo mbali na stesheni. Ni mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni petu. Nimewaona, na kwa cheti chako cha kidato cha nne watakupokea bila mtihani wowote. Waswahili walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Kama masomo ya huko yamekushinda, niandikie tu neno moja, nitatuma nauli, uje. Hakuna atakayekuuliza kitu. Nitafurahi."

Niliketi na barua hiyo siku tatu. Jaribu lilikuwa kubwa, nisikufiche. Kwenda nyumbani kulitaka ninyamaze tu kuhusu zile namba, na wa kunyamaza nilishakuwa fundi. Ningekula chakula cha nyumbani, ningelala kitandani kwangu, na siri ya tisa ingezikwa milele. Kubaki kulinitaka nimwambie baba kwamba hizo mbili na tatu ni sherehe. Na nikimwambia hivyo, atajua kwamba ile tisa aliyoitolea shukrani kanisani ilikuwa ni kuanguka, nami nilijua, nikamwacha asimame mbele ya watu. Nilimwuliza Furaha angefanya nini.

"Weye uko na fasi mbili za kusoma, miye sina hata moya," akasema, bila kinyongo, akikunja nguo. Alikuwa bado anangoja vyeti vyake vya Bukavu, ambavyo vilikuwa vimebaki kwenye nyumba isiyokuwepo tena. "Siwezi kukuambia. Lakini kama unarudi, urudi ju unapenda kurudi. Usirudi ju ya haya."

Nilijiuliza basi, kweli kweli, kama napenda kurudi. Nikaona sipendi. Hakuna ubaya wowote Voi ilionifanyia. Ni kwamba nilikuwa nimeanza kuwa mtu ambaye sikumjua, mtu anayemweleza bibi wa Kinubi habari za ugavi na kuota kwa Kiganda, na nilitaka kujua mwisho wake ataishia wapi. Ndiyo sababu yangu, na ndiyo ninayoitafuta leo machoni mwa vijana wanaoniambia wamefuata ada nafuu. Mficha uchi hazai, nikasema, nikachukua kalamu. Nilimwandikia baba kurasa nne. Nilimweleza moja ni nini na tisa ni nini. Niliomba radhi kwa ajili ya kanisani. Nikasema nataka kubaki. Nikaipeleka ofisi ya mabasi mwenyewe, nikarudi Kibuli nikijisikia shujaa.

Jibu lake lilikuwa mstari mmoja. "Nimeelewa, mwanangu. Hata mimi najua kuhesabu. Baba yako." Hakukuwa na salamu, wala soksi. Nilijua nimemvunjia heshima, na kwamba hilo neno la kuhesabu lilikuwa hasira ya karani mzee aliyefanywa mjinga na mwanawe. Nilipita mtihani, nikaingia chuo kikuu, nikamaliza, nikapata kazi mbali na nyumbani. Krismasi nilikwenda Voi na tulizungumza kila kitu ila hilo. Siku moja alinitembeza jioni hadi kwenye lile tawi la chuo, tukasimama nje ya ua, akanionyesha vyumba vya madarasa kimoja kimoja kwa fimbo yake, kama mtu anayeonyesha shamba. Nikamwambia ni pazuri. Akasema, "Ee, ni karibu." Alifariki miaka sita iliyopita, na nilimzika nikiwa na uzito huo kifuani.

Dua ya Hajati ilipokwisha na watu kupungua, Furaha alileta sinia mle chumbani, limefunikwa kawa, tukakaa chini kama zamani. Kabla hajaifunua akaweka mkono juu yake.

"Wakesho, kuko kitu moya sikukuambiaka. Hajati alinikataza. Sasa amekwenda."

"Sema."

"Zile barua za baba yako, miye njo nilimusomeaka Hajati."

"Alizomwandikia za kodi."

"Ya kodi ilikuwa moya tu. Ingine zote zilikuwa zako." Akavuta pumzi. "Ile ripoti ya kwanza, baba yako alikuwa anaionyesha watu kule stesheni. Dereva mumoya wa lori, mutu wa huku Uganda, akaiona, akacheka. Njo baba yako akaandikia Hajati, akauliza, mama, kwenu tisa ni nini? Hajati akasema, muandikie kweli. Nikaandika."

Kunguni wa kitanda kimoja. Kigoda mlangoni.

"Akajibu, usimwambie mtoto kama najua, aibu yake inamutosha. Umupe fasi ya kusoma na umukalie karibu. Na wakati namba zilianza kushuka, aliandika barua ya furaha sana! Hajati alinisomesha mara tatu."

"Lakini aliniandikia nimeshindwa. Aliniambia nirudi Voi."

"Ndiyo. Ile aliieleza pia." Furaha alifumba macho, akaitafuta barua kichwani, na ilipokuja ilikuja kwa Kiswahili cha baba yangu. "'Mama, chuo kimekuja mlangoni kwangu, na nataka mwanangu arudi. Lakini nikimwomba atarudi kwa ajili yangu. Kwa hiyo nitajifanya sijui namba. Akitaka nyumbani, atanyamaza, na aje. Akitaka huko, atasema ukweli.'"

Nje mtu alikuwa akikusanya viti vya kukodi, akivipanga kimoja juu ya kingine. Nikawaza zile kurasa nne nilizozipeleka kwa miguu yangu hadi ofisi ya mabasi, kichwa juu, nikijiona mkweli. Nilidhani naungama. Kumbe yeye alikuwa amekaa Voi akiniombea ninyamaze.

"Na baada ya barua yangu," nikamwuliza, "alimwandikia tena Hajati?"

"Fupi tu. Alisema, 'Amesema ukweli. Usimtoe kwenye kile chumba.'"

Nililia basi, kwa sauti, kama nisivyowahi kumlilia hata siku ya maziko, na nilimwita baba katika nyumba ambayo hakuwahi kukanyaga. Furaha aliniacha. Aliponiona nimetulia alifunua sinia, akakata gurusa, akanisogezea upande wenye mchuzi mwingi.

"Kula," akasema. "Chakula hapana baki."